Wasomaji wa Saa wa Ukunda

Jumapili moja ya Septemba, mwaka wa tisini na nane, saa ya Randu ilipita mikononi mwa watu watatu na hakuna hata mmoja aliyeiona kasoro. Jambo hilo halikuwahi kutokea tangu Musyoki aweke meza yake kwenye baraza ya duka la vitambaa pale Ukunda.

Musyoki alikuwa fundi saa, Mkamba wa Kitui, mwembamba, wa miaka arubaini na ushei, mwenye alama ya duara kulizunguka jicho la kulia kwa sababu ya lenzi aliyoibana hapo kutwa. Siku sita za juma alitia betri saa za watu na kukata mikanda iliyozidi. Siku ya saba, watu wakishatoka kanisani na kushiba, alitandika kitambaa cheupe mezani akawangoja wenzake watatu. Wa kwanza alikuwa Kadzo, mwanamke wa ulimi mkali aliyejaza hewa mitungi ya wapiga mbizi huko ufuoni Diani. Wa pili Ngala, kapteni wa wahudumu wa mezani katika hoteli iliyo jirani na duka hilo la mbizi. Wa tatu Randu mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na minane, aliyetandika vitanda katika hoteli hiyo hiyo.

Wanne hao walipenda saa za mbizi. Nazo ni zile nene za chuma, zenye pete juu ya kioo inayozungushwa ili mpiga mbizi ajue amekaa dakika ngapi chini ya maji. Za kweli hutengenezwa Uswisi, na mtu wa Ukunda angeuza shamba lake la Bongwe pamoja na la shemejiye kabla hajaipata moja. Zao zilikuwa kopi, zilizoshuka Kilindini mifukoni mwa mabaharia. Walizijua kuwa kopi, waliziita kopi, na walizipenda kama mtu anavyompenda mtoto wa kulea: bila kujidanganya na bila kupunguza.

Walikuwa na desturi yao, waliyoiita kusoma. Mwenye saa huivua na kuilaza kwenye kitambaa. Kuanzia hapo hafungui kinywa, hata akisikia nini, mpaka saa irudi mkononi mwake. Wengine huichukua mmoja mmoja, huipima, huisikiliza, kisha kila mmoja hutaja sifa yake na kasoro yake. Mwenye saa akijitetea, hata kwa kukohoa, usomaji umeharibika na hurudiwa Jumapili ijayo. Sheria hiyo aliiweka Musyoki. Alisema saa na ijisemee yenyewe, maana mwenyewe akianza kuongea, watu huacha kusoma saa wakasoma mdomo wake.

Siku hiyo Kadzo ndiye aliyeanza.

"Nzito," alisema, akiirusharusha kiganjani. "Uzito wa haki, si wa risasi iliyofichwa tumboni." Aliizungusha ile pete pole pole, sikio karibu, midomo ikihesabu milio ya meno yake. "Mia na ishirini. Nilipoisoma mwaka juzi ilikuwa sitini, tena ikilia kama kibogoyo anayetafuna kashata."

"Kasoro?" aliuliza Musyoki.

"Fundi nawe! Hata chai huachwa ipoe." Akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye viungo vya mkanda, akairudisha tena usoni. Mwishowe akaiweka chini kama mtu aliyefungwa bao. "Sina."

Ngala aliichukua kwa adabu ya mtu aliyezoea kubeba sahani za wakubwa. Aliitazama akrabu ya sekunde. Katika kopi nyingi akrabu hiyo huruka, tik, tik, tik, kama kuku anayedonoa. Hii ilizunguka bila kugota popote. "Inateleza kama mafuta ya nazi kwenye kikaango," alisema. Kisha akalishika pindo la leso ya Kadzo, akajifunika nayo kichwa pamoja na saa, aone nukta za uso wa saa zinavyong'aa gizani.

"Kapteni, taratibu na leso za watu," alisema Kadzo. "Wapita njia watasema nini?"

"Watasema natafuta saa," Ngala alijibu kutoka humo ndani.

Alipochomoza alisema nukta zote zinang'aa sawasawa, hakuna iliyochoka. Kasoro hakuiona.

Ikabaki zamu ya Musyoki, na hapo ndipo Randu alipoanza kutokwa na jasho. Kazi yote iliyokuwa ndani ya saa ile ilikuwa ya Musyoki. Kwa miaka mitatu alikuwa ameibomoa na kuijenga. Aliitoa mashine ya kwanza akaweka ya Kijapani yenye mwendo mwororo. Aliyachonga upya meno ya pete kwa mkono, jino baada ya jino. Kilenzi cha kukuzia tarehe kilichokaa upande alikibandua akakirudisha mahali pake, na zile nukta alizipaka rangi ya kung'aa kwa ncha ya unyoya wa kuku. Lakini hakuna mtu aliyezionea ukali kazi za Musyoki kama Musyoki. Aliibana lenzi jichoni akainama, akakaa hivyo mpaka chai yake ikafanya utando. Alipoinuka, ile duara ilikuwa imemwiva jichoni.

"Imehitimu," alisema.

Kadzo akapiga kigelegele mpaka mwenye duka la vitambaa akatoka kuuliza ni nani aliyeolewa. Randu akaichukua saa yake, na kwa kuwa sasa aliruhusiwa kusema, akakosa la kusema.

*

Jumatano asubuhi alikuwa kazini, saa mkononi, maana saa iliyohitimu haikai sandukuni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kushikwa kwa mikono miwili. Tangu zile ghasia za Likoni mwaka uliotangulia, wageni walikuwa wamepungua pwani yote ya kusini. Hoteli nyingine zilifungwa, nyingine zikapunguza watu. Yao ilikuwa imebakiza nusu ya wafanyakazi. Randu alikuwa katika nusu iliyobaki, na mshahara wake ulilisha nyumba mbili, yake ya Ukunda na ya mamake kule Kinango, ambako mvua kubwa za El Nino zilikuwa zimechukua mahindi na ukuta wa jikoni kwa pamoja.

Chumba alichokuwa akitandika kilikuwa cha Bwana Holger, Mjerumani mnene, mpiga mbizi, aliyekuja Diani kwa mara ya tatu na kujifunza Kiswahili cha kutosha kugombana. Asubuhi hiyo alikuwa na la kugombania. Alikuwa amekipekua chumba tangu alfajiri, droo, mikoba, chini ya godoro, na hakuiona saa yake ya mbizi, ya kweli, ya Uswisi. Alitoka bafuni akamkuta Randu ameinama, anakunja pembe ya shuka. Macho yake yakatua kwenye mkono wa Randu. Saa ilikuwa ya aina ile ile, rangi ile ile.

"Nipe," alisema.

Randu aliivua akampa. Na hapo akafanya kosa ambalo hakuna mhudumu mwingine wa hoteli yoyote ya Diani angelifanya.

Bwana Holger aliipima saa uzito kiganjani. Akaizungusha pete, sikio karibu, akihesabu. Akaitazama akrabu ya sekunde. Akaifunika kwa viganja viwili, akachungulia nukta. Alikuwa anasoma. Alisoma vizuri kuliko Ngala, karibu kama Musyoki, na Randu, ambaye miaka mitatu alikuwa amefunzwa kufunga kinywa saa yake inaposomwa, alikifunga. Hata mgeni alipomwuliza, "Umeipata wapi hii?" hakujibu. Aliingoja irudi kwanza. Na baya zaidi, mgeni alipofika mia na ishirini, Randu alitabasamu.

"Unacheka?" alisema Bwana Holger. "Unaiba saa yangu halafu unacheka?"

*

Ofisi ya meneja ilikuwa ndogo, yenye feni moja na kalenda ya benki. Meneja, Bi Hannah, alikuwa mwanamke wa bara, mwenye haki lakini mwenye haraka. Alimkalisha mgeni, akamwacha Randu asimame, akamwita Ngala, kwa sababu Ngala alikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi na sheria ilidai mfanyakazi anayeshtakiwa asiwe peke yake.

"Randu," alisema Bi Hannah, "kwa nini hukujibu ulipoulizwa?"

"Nilikuwa nangoja amalize kusoma, madam."

"Kusoma nini?"

"Saa, madam."

Bi Hannah alimgeukia Ngala kana kwamba anaomba mkalimani. Ngala alitazama feni.

"Ni kopi, madam," Randu akaendelea, maneno sasa yakimtoka mbio. "Nimeinunua Kilindini kwa baharia. Imetengenezwa hapa hapa Ukunda."

"Kopi nazijua," alisema Bwana Holger. "Nimeziona Bangkok, nimeziona Dubai. Kopi inaruka. Pete yake inacheza kama jino bovu. Hii hapana. Hii imetoka kwa mtu mwenye mikono!"

Randu aliona fahari, akaichukia.

Bi Hannah aliulizia karatasi za saa. Zilikuwa Ujerumani, ndani ya sefu, na mke wa Bwana Holger alikuwa safarini. Aliuliza kama mgeni anaikumbuka namba ya saa yake. "Nani anakumbuka namba ya saa?" alisema Bwana Holger. Alitaka polisi, tena mara moja.

"Saa kumi kamili nitawapigia," alisema Bi Hannah. "Randu, una mpaka hapo. Wakishakuja, hata wakikuachilia kesho, kazi haitakuwepo. Nina barua mia mbili kwenye droo hii za watu wanaotaka nafasi yako. Unanielewa?"

"Nakuelewa, madam. Naomba aitwe fundi."

Habari ilishafika ufuoni. Kadzo aliifunga mashine yake ya hewa, akaomba pikapu ya duka la mbizi, na saa tisa na robo alikuwa mlangoni pamoja na Musyoki aliyekumbatia sanduku lake la vifaa. Waliingia wote wawili.

"Huyu fundi namjua," alisema Bi Hannah. "Na wewe ni nani?"

"Shikamoo, mama. Mimi ni shahidi."

"Wa nini?"

"Wa chochote kitakachohitajika."

Bi Hannah aliiweka saa mbele ya Musyoki. "Mwonyeshe mgeni kwamba hii si ya kweli. Alama moja tu inatosha."

Musyoki aliibana lenzi. Aliikagua pete. Aliukagua uso, maandishi, akrabu, kilenzi cha tarehe. Aliigeuza ubavuni, akaigeuza tena. Alitafuta kwa nguvu zote lile jambo ambalo miaka mitatu alikuwa amelitafuta ili aliondoe, na kila alipofika alikuta amekwisha kupita hapo zamani. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye lenzi.

"Fundi," alinong'ona Kadzo, "sema kasoro yoyote. Ibuni!"

"Haina," alisema Musyoki. "Ungeniletea mwaka jana ningekuonyesha saba."

"Sasa unaisifu? Mtoto wa watu anakwenda ndani wewe unaisifu?"

"Siisifu. Nasema ilivyo."

Akamgeukia Bi Hannah akaomba ruhusa ya kuufungua mgongo wa saa, kwa sababu mashine ya ndani ni ya Kijapani na hata asiye fundi angeona. Bwana Holger aliruka kitini. Saa ya mbizi ikifunguliwa na fundi wa barazani, alisema, haiingii tena majini. Na ikiwa ni yake, nani atamlipa? Bi Hannah akatikisa kichwa. Mgongo hautafunguliwa.

Musyoki alifikiri. Kisha akauliza kama anaweza kuutoa mkanda peke yake. Mgeni akakubali, kwa kuwa kubadilisha mkanda ni kazi ya kila siku. Musyoki akasukuma pini kwa sindano, mkanda ukaachia, na pale ulipokuwa umekamata, ubavuni mwa chuma, ikaonekana namba ndogo iliyochongwa: herufi moja na tarakimu sita. Bi Hannah aliiandika kwenye karatasi.

"Haya. Namba tunayo. Inatusaidia nini?"

"Kiwanda cha kweli," alisema Musyoki, "hukipa kila kipande namba yake, kama mtu na kitambulisho chake. Kiwanda cha kopi hakina subira hiyo. Huchonga namba moja kwenye saa zote zinazotoka siku hiyo. Ikipatikana saa ya pili yenye namba hii hii, basi hakuna la kubishania, zote mbili ni kopi."

Bwana Holger alikubali kwa kichwa. Hilo hata yeye alikuwa amewahi kulisikia.

"Na hiyo ya pili iko wapi?" aliuliza Bi Hannah.

Musyoki aliitazama kalenda ya benki kama mtu anayetafuta sikukuu.

Alijua iko wapi. Ilikuwa mle mle ofisini, chini ya mkono mrefu wa shati la Ngala. Randu na Ngala walizinunua saa zao alasiri moja, kwa baharia mmoja, na Musyoki alikuwa amezisafisha zote mbili. Barazani Ngala aliiita kopi kama wenzake. Lakini hotelini alisema jambo jingine. Alisema alipewa na daktari wa Kiswisi, siku ya kuondoka, pale uwanja wa ndege wa Mombasa, daktari akilengwa na machozi kwa jinsi alivyohudumiwa. Hadithi ilipendwa, ikanenepa. Bi Hannah mwenyewe huwasimulia wahudumu wapya: mtumikieni mgeni kama Kapteni Ngala na mtaona. Ngala alikuwa ameupata ukapteni kwa kazi yake, hilo hakuna aliyelikana, lakini hadithi ile ndiyo iliyowafanya vijana wamfungulie mlango.

Randu naye alijua. Neno moja tu lingemwokoa. Alivitazama viatu vyake. Kwao wanne, kilichoonekana ndani ya saa ya mtu hakikutoka nje isipokuwa kwa kinywa cha mwenyewe, na Randu, aliyekwisha kuumizwa na desturi moja siku hiyo, hakuivunja ya pili. Kadzo alifungua mdomo. Musyoki akamkanyaga.

Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika kumi na mbili. Bi Hannah aliusogeza mkono kwenye simu, si kuiinua, kuuweka tu karibu.

Ngala alikuwa bado anaitazama feni. Uso wake ulikuwa wa kazini, uso wa mtu anayesubiri mgeni achague samaki au kuku. Aliangalia shingo ya Randu iliyoinama. Mshipa ulikuwa unapiga pale, mbio kuliko sekunde.

"Madam," alisema. Akakohoa. "Madam, yule daktari."

"Daktari gani?"

"Wangu. Wa uwanja wa ndege."

Akafungua kifungo cha mkono wa shati. Akaivua saa, akailaza mezani ubavuni mwa ile ya Randu, akarudi nyuma hatua moja, kama anavyofanya akishaweka sahani. "Itoe mkanda, fundi."

Pini ikatoka. Bi Hannah hakungoja asomewe, aliichukua saa mwenyewe, akaiweka karibu na dirisha, akazitaja tarakimu moja moja huku kidole kikitembea kwenye karatasi. Alipofika mwisho, alianza tena upya.

"Ni hiyo hiyo," alisema.

Alikaa. Alimtazama Ngala muda mrefu, bila hasira, kama mtu aliyepoteza kitu chake mwenyewe.

"Hakukuwa na daktari, Kapteni?"

"Hakukuwa, madam."

"Nimewasimulia wahudumu arubaini."

"Najua, madam. Nilikuwa nimesimama pale nyuma."

Bwana Holger hakuyasikia hayo. Alikuwa amezichukua saa zote mbili, moja kila kiganja, akizipeleka mwangani na kuzirudisha. Ile ya Ngala aliitambua mara moja kuwa kopi. Ilikuwa inaruka, na pete ilicheza. Lakini ile ya Randu aliipima, akaisikiliza, akaipima tena. Ziliumbwa tumbo moja, na mtu mmoja alikuwa ameichukua mojawapo akaifikisha mahali ambapo mwenye ya kweli aliapa ni yake.

"Nani alifanya hii?"

"Mimi," alisema Musyoki.

Bwana Holger aliinuka, akaushika mkono wa Musyoki kwa mikono yake miwili, akaugeuza akaziangalia ncha za vidole, nyeusi kwa mafuta, kucha zimelika. "Miaka kumi na miwili naivaa ile yangu," alisema. "Kumi na miwili. Na niliapa." Kisha akamgeukia Randu akamwomba radhi, kwa Kiswahili cha likizo ambacho hakikuwa na maneno mengi ya kuombea radhi, hivyo akayarudia yale yale matatu mpaka Bi Hannah akamwambia imetosha.

Randu alirudi kwenye vyumba vyake alasiri hiyo hiyo. Kesho yake saa ya Bwana Holger ilipatikana ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu chini ya kabati. Alikuwa ameificha hapo yeye mwenyewe, akiogopa wezi.

*

Jumapili iliyofuata kiti cha Ngala kilikuwa kitupu mpaka chai ya kwanza ikaisha. Hawakumtarajia. Juma zima vijana wa mezani walikuwa wamemwita Daktari, wakimwuliza kama ana dawa ya mafua. Bi Hannah hakumvua cheo, lakini wahudumu wapya walipokuja Ijumaa aliwasomea kanuni za hoteli akaishia hapo.

Alifika saa tisa. Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi, na saa yake ilikuwa mkononi, uchi, inaruka sekunde zake mbele ya kila mtu. Kadzo, aliyekuwa ameandaa mizaha ya siku tatu, alimwangalia akaimeza yote. Akainuka, akampa kiti chake kilichokuwa kivulini.

"Karibu, Kapteni."

"Starehe, dada."

Randu aliilaza saa yake kwenye kitambaa. Lakini Kadzo alipoinyoshea mkono, Randu aliizuia.

"Leo haisomwi," alisema. "Fundi, naomba uitie alama."

"Alama gani?"

"Yoyote, ya kuonekana. Nipate pa kumwonyesha mtu. Mtu akiisoma vizuri sana, mimi hufungwa."

Musyoki aliitazama saa, akamtazama Randu. "Miaka mitatu nimekuwa nikifuta alama," alisema. "Miaka mitatu, Randu."

"Najua, kaka. Ndiyo maana nakuomba wewe."

Musyoki alichukua sindano yake ya kuchorea chuma. Aliigeuza saa kifudifudi, mgongo wake ulikuwa laini, uking'aa kama kijiko kipya. Aliiweka ncha ya sindano juu yake. Akaiondoa. Akaipangusa saa kwa kitambaa, akaiweka ncha tena, akaiondoa tena.

"Mkono hautaki," alisema.

Ndipo Ngala akaivua ya kwake akaisukuma mbele. "Anza na yangu. Ina kasoro tisa, ya kumi haitaisumbua. Mkono utazoea."

"Nikuandikie nini?"

"Jina langu. Na Ukunda. Usiandike kingine."

Musyoki akaandika. Chuma kilitoa mlio mdogo wa kukwaruza, na vumbi jembamba la fedha likaanguka kwenye kitambaa. Ngala aliipokea, akasoma mgongo wa saa yake pole pole kama barua, akaivaa. Kisha Musyoki, bila kuinua kichwa, akaivuta ile ya Randu akaanza kabla mkono haujapata nafasi ya kukataa. Alichukua muda. Kila herufi aliipitia mara mbili. Alipomaliza aliipuliza vumbi, akampa Kadzo lenzi.

Kadzo alisoma. Aliielekeza saa huku na huku, mwanga ukapita juu ya lile jina, RANDU, UKUNDA, herufi zimenyooka, zimeachana kwa nafasi sawa, kila moja na kivuli chake chembamba upande mmoja.

"Fundi," alisema, "hata kuiharibu umeshindwa."

Randu aliivaa. Herufi zilikuwa bado na makali, na juma zima, kila alipoukunja mkono kuvuta shuka, zilimkwaruza kidogo kwenye kifundo cha mkono, pale saa ilipokaa. Hakuulegeza mkanda.